Jani Nililolitia Majini

Kyela ua halikai. Ukilikata saa tatu asubuhi ukaliweka sebuleni, saa nane limeshainamisha kichwa, na jioni unaokota petali juu ya kitambaa cha meza. Kwa joto letu hili hata binadamu ananyauka, sembuse ua. Nilijifunza kwa kuharibu mengi. Siku hizi nakata alfajiri, kabla jua halijayagusa. Natumia mkasi, si kisu cha jikoni kinachoponda shina. Nakata kwa mshazari, natumbukiza kwenye ndoo ya maji mpaka shingoni, naiacha ndoo bafuni penye ubaridi kwa saa mbili tatu, ndipo napanga. Vyombo vyangu ni vyungu vya Wakisi, vile vinavyouzwa mnadani Matema. Vinavuja jasho, kwa hiyo ndani natia kopo la maziwa ya unga, na mdomoni nasokota kipande cha wavu mbovu wa kuvulia usipa ili mashina yasilale ovyo. Wageni wangu huniuliza nimenunua wapi vyombo vya maua vizuri hivyo. Nawaambia mnadani, palepale penye vyungu vya kupikia maharage.

Na maua yenyewe siyategemei sana. Nategemea majani. Nyuma ya nyumba tuna mtaro wenye kangaga mwaka mzima. Tuna mikokoa, ambayo machipukizi yake hutoka mekundu yamelegea, kisha yanakomaa na kuwa ya kijani. Msimu ukifika nakata hata masuke machache ya mpunga mbichi, na jirani yangu, mama mmoja mtu mzima asiyeficha kitu, akiniona hunisema: "Mwalimu, wenzio wanakula, wewe unapamba." Lakini linaloshinda yote ni jani moja refu la kijani kibichi, lenye ncha, lililopandwa mstari mzima kati yetu na jirani huyo. Aliyetutangulia kwenye nyumba ile alilipanda kuonyesha mwisho wa kiwanja chake. Makwale nilikokulia, mipaka ya mashamba huwekwa hivyohivyo. Wapimaji wanakuja na kuondoka, lile linabaki. Mimi nililiita jani la mpakani na sikujua kama lina jina jingine. Majini linakaa wiki tatu bila kugeuka rangi. Ndilo lililoniponza.

Mume wangu ni Mchaga wa Moshi. Alihamishiwa wilayani kwetu kama afisa kilimo, akanikuta nafundisha darasa la nne. Kwa kuwa kila mtu hapa anamwita Bwana Shamba, na mimi nikazoea kumwita hivyo, na yeye akaniita Mwalimu. Tuna miaka tisa ya ndoa. Mimba zangu mbili ziliharibika, ya pili ikiwa na miezi sita. Baada ya ile ya pili ndipo nilipoanza mambo ya maua. Sihitaji mtu anifafanulie kwa nini. Nilikuwa nimekaa ndani wiki nzima nikitazama ukuta, siku moja nikatoka, nikakata maua matatu mekundu ya kana, nikayatia kwenye jagi la maji ya kunywa. Kesho yake nikakata mengine.

Krismasi iliyofuata tulikwenda Moshi, kama Wachaga wote wanavyorudi kwao mwisho wa mwaka. Nyumba ilijaa. Watoto wa mashemeji wanakimbizana migombani, mbuzi amechinjwa, wanaume wamekaa nje na pombe yao. Mimi nilikuwa nimepanga maua kwenye meza kubwa ya chakula, nikidhani nasaidia. Mama mkwe wangu akaingia na sinia la nyama. Akaitazama ile meza, akanitazama mimi, akasema mbele ya wote, tena kwa Kiswahili, si kwa Kichaga, nisije nikakosa hata silabi moja: "Wengine wanazaa, mwingine anapanga maua."

Watu wakacheka. Si wote, lakini waliocheka walitosha. Mume wangu alikuwa anakata nyama. Aliendelea kukata nyama.

Sikwenda tena Moshi. Krismasi tatu alipanda basi peke yake, na kila alipokuwa anafunga begi alinitazama kwa macho ya kuomba, nami nilimjibu lilelile. Nilimweleza wazi ninachotaka, asije akasema hakuelewa. Sitaki kitenge. Sitaki kikao cha ukoo. Nataka mama yako aniambie nisamehe, kwa mdomo uleule. Neno moja tu, hata kwa simu, hata kwa kunong'ona. Siku atakayolisema, siku hiyohiyo nitapanda basi. Yeye alikuwa akiitikia kwa kichwa na kusema atazungumza naye. Mpaka leo sijui kama alizungumza.

Niseme na jambo jingine hapa, maana linaniuma zaidi sasa kuliko zamani. Sisi Wanyakyusa mke wa mtoto hatazamani na baba mkwe. Hampiti njia moja, humtaji jina, akitokea kwa mbele unaingia migombani mpaka apite. Vijana wengi wameshaacha, lakini mimi nililelewa na bibi, na bibi hakuacha kitu. Basi mara ya kwanza nilipopelekwa Moshi kama mke, baba mkwe, wakati huo bado mzima, akaingia sebuleni kunisalimia. Mimi nikatoka mbio kwa mlango wa nyuma, nikaenda kujibanza nyuma ya banda la ng'ombe. Nyumba nzima ikasema bibi harusi ana dharau. Mume wangu akacheka, akawaambia: "Kwao hiyo ndiyo heshima. Hapo amemheshimu baba kuliko nyinyi wote." Sentensi mbili tu. Yule mzee kuanzia siku hiyo akawa anakohoa kabla ya kuingia mahali, ili nipate nafasi ya kutoka. Alikohoa hivyo mpaka alipofariki. Alikuwa mtu mwema, na nililia msibani kwake bila kujilazimisha.

Kumbe mume wangu anajua kueleza. Hilo nataka likumbukwe.

Mwaka jana, mpunga ukiwa ndiyo kwanza unachanua, Bwana Shamba akaniambia mama yake anakuja kukaa wiki mbili. Sikumwalika. Lakini nilijua maana yake: mama mwenye magoti mabovu hapandi basi kutoka Kilimanjaro mpaka Kyela kuja kuonja mchele. Anakuja kwa ajili ya lile neno. Nikatandika kitanda chake kwa shuka jipya, nikaweka asumini kwenye glasi kando ya mto, nikajiambia: ngoja.

Joto lilimkuta. Mtu wa mlimani, amezoea kujifunika blanketi mchana, hapa alikuwa anatembea na kitambaa cha kufuta jasho begani kutwa nzima. Hakulalamika, hilo namsifu. Alimenya ndizi na mimi, akanipikia mtori, nikampikia ndizi zetu, kila mmoja akisifia za mwenzake kwa adabu na kurudi kwenye zake. Jirani yangu alimchangamkia. Kila asubuhi alikuwa akimsalimia kwa Kinyakyusa kutoka ng'ambo ya mpaka: "Mugonile, mama!" naye mama mkwe akajifunza kujibu "Ndaga," lafudhi ya Kichaga imejaa mdomoni, jirani anacheka mpaka anashika mbavu. Ungetuona kwa mbali ungesema nyumba ile ina amani.

Lakini neno halikuja. Siku ya kwanza nilisema amechoka na safari. Ya tatu nikasema anatafuta nafasi. Nilimtengenezea nafasi mwenyewe, nikawa namtuma mume wangu dukani bila sababu ili tubaki wawili. Tulibaki wawili tukazungumzia bei ya maharage. Kila nilipokuwa naosha vyombo na yeye akapangusa, nilikuwa naisikia ile Krismasi upya, sinia na kicheko, na mkono wangu ulikuwa unakaza sahani kama nataka kuivunja. Nilimchukia, sitadanganya. Na katikati ya kumchukia nilikuwa natamani aseme, ili niache kumchukia, maana inachosha.

Asubuhi alikuwa anakaa kibarazani akinitazama ninavyokata. Siku moja nilipofika kwenye mstari wa mpakani nikakata majani mawili, akauliza: "Na hilo nalo unalikata?"

"Ndiyo mama. Linadumu kuliko yote."

"Huku mnalikata hivihivi tu?"

"Tunalikata tu."

Akalitazama jani mkononi mwangu. Nikadhani ananiona mharibifu, nikahamia kwenye kangaga.

Jumamosi ya kwanza jumuiya ilikuwa isali kwetu jioni. Tangu alfajiri ndoo ilikuwa bafuni imejaa. Saa nne nikaanza kupanga: kana nyekundu na njano kwa mezani, machipukizi ya kokoa yakining'inia pembeni, na kwenye kona, chungu kikubwa cha sakafuni, nilitaka kitu kirefu. Kitu kirefu nakipanga kwa hesabu isiyo na wenza, vitatu au vitano, la sivyo jicho linaona mstari wa wanajeshi. Nilikuwa na majani mawili ya mpakani. Nilikuwa na mkasi mkononi, naelekea mlangoni kwenda kukata la tatu.

Mama mkwe akaingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa ameoga, amevaa kitenge chake cha kanisani na kilemba, saa nne asubuhi, siku isiyo ya ibada. Alishika jani moja la mpakani kwa mikono miwili. Alikuwa amelifunga fundo katikati.

"Mwanangu," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Nimekuletea hili."

Nami nikafurahi! Ndivyo ilivyokuwa, nikafurahi kama mtu aliyeletewa chumvi mboga ikiwa jikoni. "Asante mama, nilikuwa nimepungukiwa moja tu!" Nikalipokea kwa mkono mmoja, maana wa pili una mkasi. Lilikuwa jani zuri, safi, halina doa wala tundu la mdudu, alichagua. Lile fundo tu ndilo lililonitatiza, nikadhani ni urembo wa kwao. Nikalifungua. Likaacha mkunjo, nikalivuta kwenye ukingo wa meza mara mbili tatu linyooke. Nikakata mwisho wake kwa mshazari, nikalichomeka kwenye wavu katikati ya yale mawili, nikarudi nyuma hatua mbili.

"Umeona mama? Limekaa."

Akakitazama chungu. Akanitazama mimi. Nikauona mdomo wake unafunguka, nikajiambia: sasa analisema, Mungu wangu, sasa hivi analisema. Ukafumba.

"Limekaa," akasema, akaenda chumbani kwake.

Nilibaki na mkasi mkononi nimejaa hasira. Nikasema peke yangu sebuleni, kwa sauti: "Hata leo ameshindwa."

Halafu nikafanya jingine. Kwenye simu nilikuwa bado ndani ya kundi la familia ya mume wangu, tangu ile Krismasi sijaandika humo hata herufi. Siku ile, pamoja na hasira zangu, nilisema angalau nionyeshe kwamba mama yao yuko salama na hatupigani. Nikapiga picha kile chungu cha kona, jani lake katikati, nikaandika: "Maua ya leo. Mama kanisaidia." Watu kumi na zaidi waliiona. Hakuna aliyejibu. Nikasema hawa watu bwana, hata ukiwanyooshea mkono.

Mume wangu alirudi mchana kutoka Busale alikokuwa amekwenda kukagua mpunga. Akavua viatu, akaenda moja kwa moja kwenye ile kona. Akasimama. Akaligusa lile jani la katikati, pale penye alama ya mkunjo.

"Hili nani kalileta?"

"Mama yako. Amechangia maua. Afadhali hilo kuliko lile neno, au siyo?"

Akasema "Mh." Akaenda kunawa. Jioni jumuiya ikaja, tukaimba, tukasali tukiombeana mapatano, kina mama wakasifu chungu changu cha kona, na mama mkwe alikaa amekielekea muda wote wa sala.

Jumatatu akaondoka. Wiki nzima kabla ya siku yake. Akasema joto limemshinda, na mimi nikaona sawa, nikamfungia mchele wa kutosha, akaupokea. Getini alinishika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mume wangu akambebea begi, wakaenda stendi wawili. Nikarudi ndani nikatupa asumini zilizonyauka kando ya mto wake. Zile wiki tatu za jani zilipotimia, nikalitupa na lenyewe.

Miezi mitano baadaye tulipigiwa simu. Presha, ameanguka jikoni, hakufika hospitali. Nilipanda basi siku hiyohiyo. Njia nzima nilikuwa nawaza kwamba amekufa na neno langu mdomoni, na nilimkasirikia maiti, Mungu anisamehe.

Wanazika migombani, karibu na nyumba. Baba mkwe alikuwa tayari pale, na pembeni ya kaburi lake, kichakani, niliona majani yangu. Yaleyale. Baada ya mazishi watu walipotawanyika kwenda kula, nilibaki pale na wifi yangu mkubwa, yule anayeshika nyumba sasa. Nikatafuta la kusema, nikasema: "Kumbe na huku mnayo haya majani ya mpakani."

Akanigeukia taratibu. "Unayaitaje?"

Nikarudia.

"Hayo ni masale," akasema. "Usijifanye mgeni, sisi wifi zako tulikusoma siku nyingi. Mama alikuletea isale, akalifunga kwa mkono wake. Wewe ukalifungua, ukalikata mkasi, ukalitia kwenye maua yako. Halafu ukatupigia picha, na maneno juu, tuone."

Nikamwambia sielewi. Nilisema mara nyingi, naelewa sasa kwamba kwake ilikuwa sauti ya mtu anayedhihaki kaburi. Mwishowe nadhani uso wangu ulimwambia kitu, maana alishusha sauti akanieleza, kama mtu anayemweleza mtoto. Kwao mtu akikosa, na akaona kosa lake haliondoki kwa mdomo, huchukua isale akampelekea aliyemkosea. Hasemi mengi. Jani lenyewe ndilo linaloomba. Na aliyeletewa hakatai, hata kama ameuliwa ndugu. Anayekataa isale, watu wanamwogopa. "Mama alirudi hapa akalia siku tatu," wifi akasema. "Akasema amestahili."

"Sikujua," nikamwambia. "Wifi, mimi sikujua."

"Mama naye alidhani hivyo. Alisema huko kwenu mnalikata hivihivi tu. Akamuuliza kaka stendi: mkeo anajua maana yake? Kaka akasema anajua."

Nilikaa chini pale pale, kwenye udongo mbichi, na nguo ya msibani. Nilikuwa nimengoja neno moja miaka mitatu, nikalipangia masharti, mdomo uleule, sauti ileile, na yule mama alikuwa amepanda mabasi na magoti yake kuniletea kitu ambacho kwao ni kikubwa kuliko neno. Nami nililipokea kwa mkono mmoja. Nikakumbuka mdomo wake ulivyofunguka na kufumba. Alikuwa anangoja niseme kitu, mimi nangoja aseme kitu, na katikati yetu kuna chungu cha maharage.

Mnaweza kusema ningepaswa kujua. Wameniambia wengi. Miaka tisa kwa Wachaga, hata kwa kusikia tu barabarani. Nawajibu: wao walinikuta nimejificha nyuma ya banda la ng'ombe, wakaelezwa, wakacheka, yakaisha. Mimi nani alinieleza? Kutojua kwao kulikuwa kichekesho cha familia. Kutojua kwangu kumekuwa dhambi.

Kwa mume wangu sikupiga kelele msibani. Nilingoja tufike Kyela, tuoge, tule. Kisha nikamuuliza aliona au hakuona, ile Jumamosi, alipoligusa jani.

"Niliona," akasema.

"Ukajua sijui."

"Nilijua hujui."

"Na stendi?"

Alisema alitaka kusema kweli, neno lilikuwa mdomoni, lakini aliona aibu. Mama yake angemuuliza: miaka yote hii umekaa na mwanamke, hukuwahi kumfundisha hata kitu kimoja cha kwenu? Na kweli hakuwahi. Aliona rahisi kusema anajua. Alidhani atarekebisha baadaye, Krismasi, watu wakishakula na kufurahi.

Kwa hiyo alimwachia mama yake arudi mlimani akiamini nimelitazama jani lake, nikalielewa, nikalikata mkasi. Akaniachia mimi niendelee kumchukia mama aliyekwisha kuniomba. Alitugawia kila mmoja uongo wake, ili yeye asione aibu dakika tano stendi ya mabasi. Na siku ile ya sinia alikuwa anakata nyama. Nimeyaweka hayo mawili pamoja, na sioni tofauti.

Simchukii kwa kelele. Nampikia, namfulia, namwitikia anaponiita. Lakini tangu siku ile sijamwita Bwana Shamba. Simwiti kitu. Anaingia, namwambia chakula kipo. Jirani yangu amegundua, ameniuliza kutoka ng'ambo ya mpaka mbona siku hizi nyumba yenu kimya, nikamwambia joto. Maua niliendelea nayo, kwa sababu yale nayaelewa. Ila mstari wa mpakani sikuugusa tena. Majani yakawa marefu, yakajifunga yenyewe kwa yenyewe, jirani akasema mwalimu umevichoka hivi vitu.

Jumamosi iliyopita saa nne nilikuwa napanga. Jumuiya ilikuwa kwa mtu mwingine, nilipanga tu. Kangaga, kana nyekundu, kwenye chungu cha kona kitu kirefu sina, nimeacha wazi. Mkasi mkononi.

Mume wangu akaingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa ameoga, amevaa shati jeupe la kanisani, amefunga vifungo mpaka shingoni, na jasho lilishaanza kumtoka. Alishika jani kwa mikono miwili. Alikuwa amelifunga fundo katikati, vizuri, kama alivyofunga mama yake.

"Mwalimu," akasema. "Nimekuletea hili."

Nilimwonea huruma, sitaficha. Miaka tisa ni miaka tisa. Nililitazama lile jani, safi, halina doa, nikamwona mama mkwe na kitenge chake, na magoti yake, na siku tatu alizolia. Nikalipokea. Kwa mikono miwili safari hii, mkasi nikauweka mezani kwanza. Akashusha pumzi.

"Unajua maana yake?" akaniuliza, sauti ndogo.

"Najua," nikamwambia.

Nikalifungua fundo. Nikalivuta kwenye ukingo wa meza mara mbili tatu linyooke. Nikachukua mkasi, nikakata mwisho wake kwa mshazari, nikalichomeka kwenye wavu wa kile chungu cha kona, peke yake, nikarudi nyuma hatua mbili.

"Limekaa," nikasema.